Moto wa Kiangazi: Ruhusa ya Kuchoma Majani na Ukaguzi wa Nyumba katika Nchi ya Buha

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za moto. Sisemi moto wa vita wala moto wa maneno. Nasema moto huu tuupulizao jikoni kila siku, na tuutiao katika majani makavu ifikapo kiangazi. Watu wengi huona ya kuwa sheria za moto ni mambo ya ofisi tu: karatasi ya ruhusa huku, cheti cha ukaguzi kule, na ada ya kulipa katikati. Nia yangu ni kuwaonyesha ya kuwa sheria hizo, za shambani na za nyumbani, zina shina moja, nalo ni hili: maswali ya moto huulizwa kabla ya kuwasha, maana ukisha kuwaka haumngoji mtu afikiri. Nitatwaa mifano yangu hasa katika wilaya za Kibondo na Kasulu, katika nchi ya juu ya mkoa wa Kigoma.

Nchi hiyo, ambayo Waha wenyewe huiita Buha, ni nchi ya vilima na mabonde, na sehemu yake kubwa imeinuka mita elfu na zaidi juu ya usawa wa bahari. Magharibi inapakana na Burundi. Mashariki inateremka polepole hata kufika mabonde mapana ya mito Malagarasi na Moyowosi, penye maji na matete na majani yanayomfunika mtu. Baina ya vilima na mabonde hayo umeenea mwitu wa miombo, ambamo wenyeji hutundika mizinga yao ya nyuki. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, nazo hukoma mwezi wa Mei. Tangu hapo hata Septemba mvua huwa adimu sana, na majani yote yaliyostawi wakati wa mvua hukauka yakawa kama makuti ya paa kuukuu. Ndipo watu huanza kuyatia moto.

Kwa nini huyatia moto? Si kwa upumbavu, kama wageni wengi walivyodhani zamani. Mkulima huchoma ili asafishe shamba lake kabla ya mvua, na majivu huipa ardhi nguvu kwa kitambo. Mchungaji huchoma ili majani mabichi yachipuke kwa ajili ya ng'ombe, na kupe wapungue. Mwindaji huchoma ili aone mbali. Mwenye nyumba huchoma kando ya ua wake ili nyoka wasipate maficho. Mrina asali hupanda mtini na kienge cha moto ili moshi uwatulize nyuki. Naye akishuka kwa haraka, kienge kikamponyoka, msitu mzima waweza kuteketea kwa ajili ya kibuyu kimoja cha asali. Basi moto ni chombo cha kazi kama jembe na shoka. Lakini jembe ukiliweka chini hulala pale pale ulipoliweka. Moto ukiuacha huondoka wenyewe, wala hauulizi mpaka wa shamba la mtu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wachache hulifikiri. Moto uchomao mwezi wa Juni na moto uchomao mwezi wa Septemba si moto mmoja, ijapokuwa umewashwa mahali pale pale na mtu yule yule. Mwanzo wa kiangazi mashina ya majani bado yana unyevu kidogo. Moto hutambaa chini, hula hapa na kuacha pale, na usiku umande ukianguka aghalabu hufifia ukazimika. Mwisho wa kiangazi mambo yamegeuka. Majani yamekauka hata mizizini, upepo ni mkali, na miombo imeanza kutoa majani yake machanga mekundu, kama ilivyo desturi yake kuchipua kabla ya mvua kunyesha. Moto wa wakati huo hupanda juu, hubabua machipukizi na maua, huua miche, na nyuki hukosa chakula. Hata mninga, mti tunaousifu kwa mbao, hupata taabu: mche wake hukaa miaka mingi ukiunguzwa na kuchipua tena kutoka mzizini, mpaka siku moja upate nafasi ya kurefuka kupita kimo cha ndimi za moto. Ukiunguzwa vikali kila mwaka, nafasi hiyo haiji.

Jambo hili limepimwa. Kuanzia mwaka 1933, karibu na mji wa Ndola, katika nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini na sasa huitwa Zambia, wataalamu waliugawa mwitu wa miombo, ulio ndugu ya mwitu wa Kibondo na Kasulu, katika viwanja. Kiwanja kimoja walikikinga na moto kabisa. Cha pili walikichoma kila mwaka mwanzo wa kiangazi. Cha tatu walikichoma kila mwaka mwisho wa kiangazi. Miaka mingi ilipopita walitazama tena. Kile kilichokingwa kilikuwa kimesongamana miti. Kile cha moto wa mapema kilikuwa bado ni mwitu wenye miti yake. Kile cha moto wa mwisho wa kiangazi kilikuwa kimepoteza karibu miti yake yote, kimegeuka uwanda wa majani. Ardhi ni moja, mvua ni moja. Kilichotofautiana ni tarehe ya kuwasha.

Wako waliotumia elimu hiyo kinyume, kwa makusudi. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale uliisumbua sana Buha, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wengi waliokaa wametawanyika maporini, ikawakusanya katika makazi makubwa ili waepukane na mbung'o. Huko Shinyanga, bwana Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa mbung'o katika Tanganyika, alikuwa akijaribu kuangamiza vichaka wanamokaa wadudu hao. Njia yake mojawapo ilikuwa kuwazuia watu wasichome majani mapema, wangoje mpaka mwisho wa kiangazi, kisha wachome pamoja kwa siku moja. Alitaka moto mkali wenye kuua vichaka, akaupata kwa kungoja. Basi fikirini wenyewe: ikiwa moto wa mwisho wa kiangazi ni silaha ya kuangamiza vichaka, mtu auwashaye bila kufikiri pembezoni mwa mwitu wenye mizinga ya jirani yake anafanya nini?

Hapo ndipo ilipo maana ya ruhusa. Ruhusa ya kuchoma, kwanza kabisa, ni habari ya tarehe. Tena ni habari ya mahali, na ya watu watakaosimama karibu na moto, na ya majirani waliopewa taarifa. Jambo hili si jipya. Wakati wa ukoloni, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri juu ya mambo mengi ya vijijini, na kuchoma majani kulikuwa miongoni mwake. Katika Buha watawala hao waliitwa mwami. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini haja ya kuuangalia moto haikufutika pamoja nao. Sheria iliyoshika mahali pa zile za zamani ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ndani yake mna sehemu nzima inayohusu kuchoma mimea: mtu hana uhuru wa kuchoma apendavyo, hupasa kupata idhini, kuwaarifu wale ambao moto waweza kuwafikia, na kuutunza moto wake mpaka uzimike. Anayeuacha ukapita mipaka kwa uzembe ana hatia mbele ya sheria. Zaidi ya hayo, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imezipa halmashauri za vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, nazo huthibitishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo kijiji chaweza kutaja wenyewe miezi yao ya kuchoma, na saa, na nani atoe ruhusa, kwa kadiri ya vilima vyao na upepo wao.

Labda mtu mmoja atauliza, "Shamba ni langu, nimelilima kwa mkono wangu. Kwa nini nimwombe mwenyekiti ruhusa ya kuchoma majani yangu?" Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu. Majani ni yako, Bwana, lakini upepo si wako. Ukichoma ndani ya mipaka yako, moto ni mali yako. Ukivuka mkondo ukaingia katika mihogo ya mjane, moto huo ni wa nani? Mihogo hairudi kwa kuombwa radhi. Mzinga ulioungua na nyuki wake haulipiki kwa neno la pole. Ruhusa inakulinda na wewe pia. Mtu aliyewaarifu majirani, akachagua siku iliyoamriwa, akasimama na watu wake, hata kama bahati mbaya ikitokea, ana mashahidi ya kuwa alifanya kama ipasavyo. Aliyewasha peke yake usiku hana shahidi ila moshi.

Mwingine atasema, "Basi ingekuwa heri serikali ikataze moto kabisa." Neno hili huonekana jema, lakini lina hatari yake. Moto ukikatazwa kabisa, mahitaji ya mkulima na mchungaji hayakomi. Mtu hungoja giza, hutupa kijinga katika majani, kisha hukimbia. Moto wa namna hiyo hauna mchungaji. Hakuna aliyefyeka mpaka, hakuna aliyeleta maji, na kesho yake hakuna akiriye. Tena majani yasiyochomwa mwaka huu hujumlika na ya mwaka ujao, na siku moto utakapofika, maana utafika, utakuta chakula cha miaka miwili. Kwa sababu hii wataalamu wengi wa misitu hupendelea moto mdogo wa mapema wenye kuangaliwa kuliko katazo lisilotiiwa. Wahenga walisema, dawa ya moto ni moto, na hapa maneno yao ni kweli tupu.

Lakini haki ina pande mbili. Ikiwa mkulima anapaswa kuomba ruhusa, mtoa ruhusa naye anapaswa kujibu upesi. Mtu akiomba mwezi wa Juni akajibiwa mwezi wa Septemba, ruhusa hiyo imemsukuma kwenye moto ule ule unaoogopwa. Na ruhusa isiyo na bei iliyoandikwa, ambayo mwenye kuku huipata na asiye na kuku huikosa, inafundisha watu kuchoma kwa siri. Yafaa mkutano wa kijiji uyaseme mambo haya wazi kabla ya kiangazi, na siku za ruhusa zibandikwe mahali ambapo kila mtu huziona.

Sasa niwaeleze namna ya kuchoma kwa salama, kwa maana karatasi peke yake haizimi kitu. Kwanza, fyeka na kupalilia ukanda kuuzunguka uwanja wote unaotaka kuchoma, mpaka udongo uonekane. Hatua moja haitoshi. Majani marefu kama mtu hurusha cheche mbali kuliko majani ya magotini, basi ukanda uongezwe upana kwa kadiri ya urefu wa majani. Yaondoe majani uliyofyeka. Ukiyaacha juu ya ukanda, umeujengea moto daraja. Pili, tazama upepo. Usichome siku ya upepo mkali, wala usichome adhuhuri, wakati jua limekausha kila kitu. Alasiri, upepo ukitulia na umande u karibu, ni saa bora. Tatu, anza upande ule ambako upepo unaelekea, karibu na ukanda wako, ili moto urudi nyuma ukipingana na upepo. Utakwenda polepole, lakini utakuachia nyuma yake ardhi nyeusi isiyoweza kuungua tena. Ardhi hiyo ikisha kuwa pana, ndipo waweza kuwasha upande wa pili. Nne, kumbuka ya kuwa moto hupanda mlima upesi kuliko unavyoteremka, kwa sababu joto lake huyakausha majani yaliyo juu yake kabla haujayafikia. Katika nchi ya vilima kama Kasulu, anayewasha bondeni amewasha mlima wote. Mwenye busara huanza juu na kushuka.

Tano, wawepo watu wa kutosha, wenye matawi mabichi, majembe na maji, na asiondoke mtu mpaka moshi ukome. Visiki na magogo ndiyo hasa ya kuogopwa. Kisiki chaweza kulea moto ndani yake siku mbili tatu bila kuonyesha mwali, kisha upepo ukavuma ukautoa. Rudini kesho yake mkakitazame, mkifukie kwa udongo na kukimwagia maji.

Tuache mashamba, tuingie mjini na majumbani. Hapa pia shina ni lile lile la kuuliza mapema, ila maswali yamegeuka. Shambani tunauliza, "Moto huu utakomea wapi?" Nyumbani tunauliza, "Moto ukitokea, watu watatokea wapi?"

Nyumba za zamani za Buha ziliezekwa kwa majani, na hatari yake ilijulikana kwa kila mtu. Nyumba za matofali na mabati zimewafanya wengi wadhani ya kuwa hatari imekwisha. Haikwisha, imebadilisha mavazi. Koroboi ikianguka juu ya godoro, au mshumaa ukiachwa karibu na chandarua, nyumba ya matofali huungua ndani kama tanuri. Dukani mwauzwa petroli ya pikipiki iliyotiwa katika chupa za maji, nayo hukaa karibu na kiberiti na jiko. Tena mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa uliufikia mkoa wa Kigoma kwa njia ya Kibondo na Kasulu, na hiyo ni neema kubwa. Lakini waya uliofungwa na fundi asiyejua kazi, au soketi moja iliyobebeshwa pasi na jiko na friji, ni kijinga kilichofichwa ukutani.

Wako waliofundishwa na hali ya kukaa karibu karibu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 katika wilaya ya Kibondo kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Mahali panapokaa maelfu ya watu katika mahema na nyumba za udongo, kila mmoja na mafiga yake, moto wa jiko moja waweza kuwa moto wa mtaa. Kwa hiyo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lina kanuni ya kupanga makambi: kila mita 300 za makazi uachwe uwazi wa mita 30 usiojengwa kitu, na kati ya nyumba na nyumba iachwe nafasi isiyopungua mara mbili ya kimo cha nyumba. Kanuni hii si ya wakimbizi tu. Itazameni pia sokoni, penye vibanda vilivyogusana mbao kwa mbao, na njia iliyozibwa na mizigo. Uwazi huo ni kama ule ukanda uliofyekwa shambani, ila sasa umo mjini.

Kazi ya kukagua majengo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo mamlaka yake yametoka katika sheria ya mwaka 2007, na kanuni za ukaguzi na vyeti zilifuata mwaka 2008. Mkaguzi hutazama mahali wanapokusanyika watu au mali nyingi: shule na mabweni, hospitali, nyumba za wageni, maghala, viwanda, vituo vya mafuta. Huuliza kama milango inatosha, kama inafunguka upesi, kama njia haikuzibwa, kama waya za umeme ni nzima, kama mafuta yamewekwa mbali na moto, na kama mtungi wa kuzimia moto upo, umejaa, na yuko mtu ajuaye kuutumia. Akiridhika hutoa cheti.

Najua watu wanavyosema: "Mkaguzi hutafuta ada tu." Jibu langu ni hili. Ukilipa, dai stakabadhi. Lakini usiishie hapo. Dai na orodha ya makosa aliyoyaona, iliyoandikwa, uitengeneze nyumba yako kwa orodha hiyo. Cheti kilichotundikwa ukutani juu ya mlango uliofungwa kwa kufuli hakijamwokoa mtu yeyote.

Tena maneno haya yameandikwa kwa msiba. Mwaka 1994 bweni la wasichana liliungua katika shule ya sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, wakafa wanafunzi zaidi ya 40. Mwaka 2001, huko Kyanguli nchini Kenya, wavulana 67 walikufa katika bweni lililotiwa moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa katika shule ya Idodi, mkoani Iringa. Mwezi wa Septemba mwaka 2020 watoto 10 walikufa katika bweni la shule ya msingi huko Kyerwa, mkoani Kagera, ambao ni mkoa jirani wa Kigoma. Vyuma vya dirishani huwekwa kuwazuia wezi, na kufuli huwekwa kuwalinda watoto. Nia ni njema. Lakini usiku wa moto moshi hujaa chumbani kwa dakika chache, na mtoto aliyeamka katika giza hawezi kutafuta mwenye ufunguo. Kwa hiyo mzazi apelekaye mtoto bwenini, huko Kasulu au Kibondo au kwingineko, ana haki ya kuuliza maneno matatu kabla hajaliacha sanduku la mtoto wake: Milango ni mingapi? Ufunguo anao nani usiku? Watoto wamepata kufanya zoezi la kutoka nje gizani? Wala asione haya kuuliza. Mwalimu mwema atafurahi kuulizwa.

Huenda mtu akasema ya kuwa gari la zimamoto litakuja. Simu ya Jeshi la Zimamoto ni 114, na yafaa kila mtu aishike moyoni na kuipiga mara moja, akitaja mahali kwa jina linalojulikana. Lakini vilima ni vingi na barabara za vijijini ni ndefu. Kutoka Kigoma mjini mpaka Kibondo ni zaidi ya kilomita 200. Hata gari likiwa karibu zaidi ya hapo, nyumba ya kijijini haitaungoja msaada wa mbali. Kwa hiyo saa ya kwanza ni ya majirani.

Jifunzeni mambo machache ya saa hiyo. Moto wa mbao, nguo au majani zimeni kwa maji. Moto wa petroli au mafuta ya kupikia msiumwagie maji, maana mafuta huelea na kusambaa yakiwaka. Tupieni mchanga, au funikeni sufuria kwa kifuniko. Penye umeme, kateni umeme kwanza, msitie maji. Chumba kikijaa moshi, inameni, mtambae karibu na sakafu, kwa sababu moshi na joto hupanda juu, na hewa iliyosalia iko chini. Nguo zikishika moto, usikimbie. Lala chini ujiviringishe. Na mkisha kutoka, hesabianeni mahali pamoja, wala mtu asirudi ndani kwa ajili ya mali.

Mabibi na Mabwana, Waswahili husema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Maana yake ni ya kuwa kijinga kimoja hakitoshi kupika, sharti viungane. Nami naona ya kuwa kuuzuia moto nako ni vivyo hivyo. Mkulima mmoja mwenye hadhari katikati ya majirani kumi wasiojali ataungua pamoja nao. Basi mvua za mwaka huu zitakapokwisha, kabla majani hayajakauka, ombeni mkutano wa kijiji. Pangeni siku za kuchoma kila upande wa kijiji, mwanzo wa kiangazi na si mwisho. Kubalianeni nani atoe ruhusa, na ndani ya siku ngapi. Andikeni majina ya watu watakaoitwa moto ukitoroka, na mahali yalipo majembe na ndoo. Tena wachagueni wazee wawili na mama wawili waende kulitazama bweni la shule, wafungue kila mlango kwa mkono wao wenyewe, na wakikuta mmoja umekwama wasiondoke mpaka fundi ameitwa. Kazi hiyo yote haimalizi siku mbili.